Mama Brigitte Kunda Kapya, Aliyebaki Hewa Bora Mpaka Tarehe Ikapita

Maneno haya yanasomwa na Jean-Claude Kapya, mdogo wake wa tumbo moja. Marehemu mwenyewe ndiye aliyechagua msomaji, siku sita kabla hajatutoka, na alitoa agizo moja tu: isemwe kweli yote, hata ile inayomuumiza anayesoma.

Mama Brigitte Kunda Kapya alizaliwa Kabalo, tarehe 22 Agosti 1968. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Papa Godefroid Kapya, fundi wa vichwa vya treni, na Mama Jeanne Lombe. Mwaka 1972 Papa alihamishiwa Lubumbashi, na baada ya miaka michache familia ikapata nyumba hapa Hewa Bora, katika Kampemba, komine mojawapo ya mji huu, nyumba hii hii ambamo tumelia siku nne. Mdogo wake, huyu anayesoma, alizaliwa mwaka 1977. Mama akiwa sokoni, Brigitte ndiye aliyemlea. Siku moja alipigwa shuleni kwa kuchelewa, na mwalimu alipomuuliza sababu akajibu kwamba mtoto alikuwa amekataa kunyamaza mgongoni mwa mtu mwingine. Alikuwa na miaka kumi.

Masomo ya msingi aliyamaliza Kampemba mwaka 1980. Akaendelea na sekondari kwa masista, akapata diplome ya Serikali mwaka 1986, kisha akasomea uuguzi kwa miaka minne. Papa alikuwa anataka awe karani wa reli, akae mezani, avae viatu safi. Brigitte alimwambia: "Papa, weye unatengeneza mashini. Mi nitatengeneza bantu." Papa alicheka na kulipeleka jibu hilo kazini kwake, na likazungukia karakana yote.

Kazi alianzia Kambove, Februari 1991, katika kliniki ndogo iliyohudumia wajawazito na wachimbaji. Wachimbaji walimwogopa. Mmoja wao, aliyeitwa Chama, alikatwa mguu na chuma chenye kutu, na alipoiona sindano akakimbia akichechemea. Brigitte alimfuata mpaka katikati ya soko, bomba la sindano mkononi, wanawake wa mboga wakimpigia vigelegele. Alimkalisha juu ya gunia la unga na kumchoma hapo hapo. Miaka mingi baadaye Chama alipeleka binti yake wa kwanza kubatizwa, akamwita Brigitte.

Huko Kambove alikutana na David Chileshe, mwalimu wa Kiingereza, mwenyeji wa Kasomeno. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Desemba 1993. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Abigaïl, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1996. Januari 1998 David alipata nafasi ya kusoma Leicester, Uingereza, na mwezi wa saba mke na mtoto wakamfuata kwa mwaka mmoja tu. Mwezi wa nane vita vilianza kwetu. Mwaka mmoja ukawa miaka. Brigitte alifanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwaosha, akiwalisha, akiwafumba macho walipofariki. Mwaka 2007 yeye, mume wake na Abigaïl walipewa uraia wa Uingereza. Walijua kwamba sheria ya Kongo hairuhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, na kwamba kwa kuupata ule waliupoteza huu. Jioni hiyo Mama Jeanne alimuuliza kwa simu: "Sasa weye uko muzungu?" Akajibu: "Hapana, Mama. Niko wako. Ni karatasi tu."

Mumewe David alifariki tarehe 4 Novemba 2013, moyo ulisimama akiwa darasani. Tangu siku hiyo Brigitte alibaki na Abigaïl peke yake.

Mwaka 2016 Waingereza waliulizwa kama wabaki katika muungano wa nchi za Ulaya au watoke. Wakati huo Abigaïl alikuwa amekwisha kwenda Ubelgiji, mjini Liège, kusoma, na mama yake alikuwa anapanga kumfuata. Muungano ule ulimpa haki hiyo: raia wa nchi moja aliweza kukaa na kufanya kazi katika nchi nyingine bila kuomba ruhusa. Siku ya kura, tarehe 23 Juni, alivaa kitenge chake cha Misa. Kazini aliwauliza wenzake: "Tukitoka, mimi nitapoteza nini?" Mmoja alimwambia asihangaike, yeye ni raia, hakuna atakayemgusa. Alipiga kura ya kubaki, na upande wake ukashindwa.

Hata hivyo, Septemba 2017 alihamia Liège, maana kutoka kwenyewe kulikuwa bado. Alipata kazi tena katika nyumba ya wazee, akapewa karte ya mkazi, kitambulisho cha kuishi kule. Abigaïl akaolewa, na tarehe 30 Mei 2019 akazaa Lydie. Wale waliomwona Brigitte katika miaka hiyo miwili na nusu wanasema alinenepa, alicheka sana, na alimbeba mjukuu mgongoni mpaka ndani ya mabasi, watu wakigeuka kutazama.

Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Waingereza waliokaa Ubelgiji waliambiwa kwamba atakayekuwa anaishi kule mpaka tarehe 31 Desemba ya mwaka huo, na akajiandikisha, atabaki na haki zake. Siku kumi na tatu baada ya kutoka huko, mdogo wake alimpigia simu kutoka Hewa Bora, akimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kama sikuzote. Mama Jeanne alikuwa ameanguka jikoni.

"Yaya, upande moja ya mwili imekufa. Hasemi muzuri. Jina yako tu njo anasema. Kuya."

Alifika tarehe 16 Februari 2020, na sanduku moja, likizo ya wiki tatu. Mwezi uliofuata viwanja vya ndege vikafungwa kwa sababu ya ugonjwa ule wa dunia nzima. Brigitte akawa muuguzi wa mama yake. Alimgeuza kitandani kila baada ya saa tatu ili asitokwe na vidonda, akamfundisha tena kushika kijiko, akamsukia nywele. Mama Jeanne alianza kusema maneno mawili, kisha matatu.

Ndege ziliporudi, mwezi wa tisa, Brigitte alimwita mdogo wake barazani. Abigaïl alikuwa amemweleza mambo ya kujiandikisha, na kwamba kukaa nje zaidi ya miezi sita, kama alivyokwisha kukaa, kunahatarisha haki ya mtu ambaye hajatimiza miaka mitano kule.

"Nitaenda tarehe makumi mbili na sita," alisema. "Nitajiandikisha, kiisha narudi."

Mdogo wake alimwambia: "Yaya, bakia kwanza. Ukienda, Mama atakufa juma hiyo hiyo. Mapapie itangoja."

"Na kama haitangoja?"

"Weye uko raia wao. Batakufukuza namna gani?"

Mdogo wake hakujua alichokuwa anasema. Hakuwa amesoma hata moja ya mapapie hayo, yaani karatasi za kujiandikisha. Alikuwa anaogopa kubaki peke yake na mama anayekufa, na hofu hiyo aliivalisha maneno ya mtu anayejua sheria. Brigitte aliingia ndani kumgeuza Mama. Tiketi hakuikata.

Mama Jeanne Lombe alifariki tarehe 9 Januari 2021, kichwa chake mikononi mwa binti yake. Tarehe ya Waingereza ilikuwa imepita siku tisa.

Alirudi Liège mwezi wa pili. Dirishani mwa ofisi ya kujiandikisha, kijana mwenye sauti ya upole alimuuliza alikuwa wapi tarehe 31 Desemba. Alijibu: "Nilikuwa namuuguza mama yangu." Kijana akasema: "Ninaelewa, Madame. Pole sana. Lakini hukuwa hapa." Abigaïl, aliyekuwa amesimama pembeni na mtoto, anasema mama yake alimshukuru yule kijana kabla ya kuondoka.

Alikata rufaa. Mwanasheria alimweleza kwamba mzazi anaweza kumfuata mtoto aliyejiandikisha kwa wakati, kama Abigaïl, lakini ni yule mzazi anayelishwa na mtoto wake. Brigitte alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuwahi kulishwa na mtu. Hata kortini alikataa kusema uongo huo. Februari 2022 alishindwa, na mwezi uliofuata akarudi Leicester, akapanga chumba, akaanza tena kuwaosha wazee wa watu wengine. Liège aliweza kwenda kama mtalii: siku tisini katika kila siku mia na themanini, bila kazi, bila bima ya matibabu. Kila alipoondoka, Lydie alishika mkoba wa bibi yake mlangoni na kuuliza yeye mwenyewe amefanya kosa gani.

Katika miaka hiyo alimpigia mdogo wake simu kila Jumapili baada ya Misa. Mara moja tu walizungumza jambo hili. Mdogo wake alianza kuomba msamaha, naye akamkatiza.

"Jean-Claude, sikiliza. Habakuninyanganya pasipoti. Iko hapa mu mukoba. Kura niko nayo, jina niko nayo. Kitu banabeba ni mulango ya mutoto wangu. Na haiko weye uliibeba."

Alikuwa amefikiri sana. Alisema uraia alipewa yeye, kwa jina lake, lakini ile haki ya kukaa kwa mtoto wake ilipitia kwenye nchi. Nchi ilipotoka, ilitoka nayo, na walioamua hawakujua kwamba kuna mama mmoja Hewa Bora anayemgeuza mama yake kitandani. Hakuwachukia. Alisema tu kwamba mtu angepaswa kuulizwa.

Novemba 2024 alianza kupungua na kuwa na macho ya njano. Madaktari wa Leicester walikuta saratani ya kongosho, imekwisha kufika kwenye ini. Walimwambia miezi, si miaka. Alikwenda Liège akatumia siku zake tisini zote kwa Abigaïl, akilala chumba kimoja na Lydie. Abigaïl alimlilia abaki, ajifiche, nani atamfukuza mgonjwa. Alikataa. Hakutaka mtoto wake aitwe ofisini kwa ajili yake. Na alikuwa anataka kulala karibu na mama yake.

Alitua Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, tarehe 20 Machi 2025, na viza ya mgeni. Alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka mstari wa wageni, na mdogo wake alisikia yote kutoka nyuma ya kizuizi. Askari alifungua pasipoti na kumuuliza: "Mama, unakuya kufanya nini mu Congo?"

"Nakuya kwetu."

Askari aliangalia pasipoti, akamwangalia yeye, akagonga muhuri. Wiki hiyo hiyo tulianza kuomba arudishiwe uraia wa Kongo. Ombi lilipokelewa, na jibu bado.

Alilala wiki saba katika chumba cha Mama Jeanne. Deborah, mke wa mdogo wake, alimuuguza kwa mikono isiyochoka, na yeye kitandani bado alimsahihisha namna ya kukunja shuka. Majirani walikuja na ukwaju, na kwaya ikaimba dirishani siku ya Pasaka. Maumivu yalikuwa makali, hatuwezi kuyaficha. Tarehe 5 Mei alimwita mdogo wake akamwambia nini cha kusoma leo.

"Usiseme nilirudi juu ya kupenda. Na usiseme pia nilijuta kubakia na Mama. Sema vyote mbili. Batu basikie vyote mbili."

Abigaïl alifika tarehe 7 Mei. Kwa siku nne mama na binti walilala kitanda kimoja. Mama Brigitte alifariki Jumapili tarehe 11 Mei 2025, saa nne asubuhi, watu wakiwa wanatoka Misa ya kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Kesho yake mdogo wake alikwenda kuandikisha kifo. Karani aliuliza uraia wa marehemu. Akajibu, "Mukongomani." Karani alifungua pasipoti, akasema: "Papa, pole. Naandika kile kiko mu kitabu." Mdogo wake alitaka kugombana, lakini akapokea cheti. Cheti kinasema alikuwa Mwingereza. Sisi tunamzika leo, tarehe 15 Mei 2025, pembeni ya Mama Jeanne, na katika kaburi hilo hakuna mgeni.

Ameacha binti mmoja, Abigaïl Chileshe, na mkwe. Mjukuu mmoja, Lydie. Mdogo wake Jean-Claude, na Deborah, na watoto wao watatu waliomwita mama. Ukoo wa Kapya na wa Chileshe. Wazee wengi aliowaosha, ambao hawatajua kamwe kwamba ametutoka. Mkwe amebaki Liège na Lydie. Mtoto hajaambiwa bado. Abigaïl ameomba amwambie mwenyewe, uso kwa uso, wiki ijayo, na jana alituuliza sisi sote tulioketi barazani ataanza na neno gani.

Bwana ampokee Yaya Brigitte, na ampumzishe kwa amani.