Vitanda Vipya vya Shule ya Baridi

Kwenye tramu ya Birmingham, kiti cha mbele yangu, Bibi Hobday alifunga dirisha kwanza, ndipo akaketi na kumpakata bintiye Hilda. "Umesikia, dada?" akamwuliza mama wa kando yake, asiyemjua hata jina. "Ile shule inayolaza watoto dhaifu nje, eti hewa ya baridi iwaponye vifua, inaongeza vitanda. Ndiyo maana siku hizi nesi wao kila kifua anakiona kibovu!"

"Wangu amerudi kutoka huko kanenepa."

"Hata bata bukini hunenepeshwa kabla ya Krismasi."

Mama yule akamtazama Hilda. "Na huyu wako?"

"Huyu hawampati ng'o! Nimempaka kifua mafuta ya bata bukini na kumshonea fulana mwilini tangu Oktoba, haivuliwi mpaka Pasaka."

Harufu ya fulana hiyo nilikuwa nimeshaipata. Tramu ikasimama, Bibi Hobday na bintiye wakashuka. Kikohozi cha Hilda nilikisikia kupitia dirisha lililofungwa.