Bulandina Kabugho, Mama Yake Naome

Ndugu waombolezaji, marehemu Bulandina Kabugho alizaliwa Bwera tarehe 12 Machi 1936, akasoma hadi darasa la nne, akalima pamba na kuuza maharage sokoni, na tarehe 8 Januari 1955 akafunga ndoa na mzee Eridadi Kathembo, aliyetangulia mwaka 2003, wakajaliwa watoto watano, na kati yao waliobaki ni Semu, anayewasomea haya, na Naome, ambaye ameridhia yasomwe bila kufichwa.

Mwaka 2014 kiharusi kilimpooza mama mguu, naye Naome, mwalimu mjini Kasese, hakuweza kumwacha peke yake mchana kutwa, kwa hiyo tarehe 9 Februari 2015 alimpeleka katika nyumba ya wazee Muhokya, ambako mama aligeukia ukuta na kukataa chakula siku nne. Mhudumu mmoja, Gorret, alivuta kigoda, akampa ungo wa maharage achambue, akamwomba amsimulie habari za soko la zamani, na mama akaanza kula.

Naome alipaswa kushukuru, lakini wivu ulimkaba, hasa Jumapili ile mama aliposema, "Gorret, huyu mugeni ni Naome, umupatie kiti."

Mgeni, kwa mama aliyemzaa. Akaenda kwa msimamizi, akadai kwamba Gorret anamtukana mama, na Gorret akahamishiwa upande wa wanaume.

Mama akarudi ukutani. Naome alikuja kila jioni na supu ya samaki wa Hamukungu, akabembeleza, kijiko kikarudi kimejaa, hata wiki ya tatu akamfuata Gorret kwenye kamba ya nguo, akamwuliza, "Wewe unamlishaje?"

"Simulishi, mwalimu. Ninakula na yeye."

Naome akakiri kwa msimamizi kwamba alisema uongo, Gorret akarudishwa, na tangu hapo walikula watatu sinia moja, ingawa Naome hakuacha kusikiliza ni jina la nani linaloitwa kwanza.

Tarehe 21 Agosti 2017 asubuhi, baada ya homa ya mapafu ya siku sita, marehemu alifariki akiwa ameshikwa mkono na Gorret, Naome akiwa bado njiani, na hilo linamuuma hadi sasa. Hata hivyo, ni yeye aliyemwita Gorret waoshe mwili pamoja, na ni yeye aliyemketisha leo kwenye mkeka wa wafiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bwera waliochimba kaburi, walimu wenzake Naome, na wahudumu wote wa Muhokya. Pumzika salama, mama, watoto wako watatu wamekusindikiza.