Akubu bin Talmoni Akabidhi Ufunguo wa Mlango wa Lida

Tarehe mosi ya mwezi wa Eluli, mwaka wa hamsini tangu Hekalu la Yerusalemu lichomwe, Akubu bin Talmoni, Mlawi, anang'atuka baada ya kuulinda mlango wa nyumba yetu ya mafunzo na sala hapa Lida kwa miaka ishirini na mitano. Ametimiza miaka hamsini. Haumwi, hajafukuzwa, wala hakuna aliyetaka aondoke.

Baba yake, mzee Talmoni, alikuwa bawabu katika malango ya Hekalu. Akubu alizaliwa mwaka ule ule wa moto, kwa hiyo Hekalu alilijua kwa masimulizi ya baba tu. Alipopewa mlango wetu, aliulinda kama alivyosimuliwa: fimbo nje, viatu nje, mkoba nje, na miguu ikung'utwe vumbi. Tajiri Boethi, mwenye mashamba ya mizeituni, aliwahi kugoma kuvua viatu, akidai hiki ni chumba cha kusomea tu. Alisomea uani wiki nzima, mvua ya baridi ya mwezi wa Tevethi ikimnyeshea, kisha akavua.

Zamani mlinzi wa Hekalu akikutwa amelala zamuni, nguo yake ilichomwa moto. Akubu aliona desturi hiyo isipotee. Mwanafunzi mmoja alisinzia darasani, akashtuka pindo la joho lake linafuka moshi. Mwanafunzi huyo ndiye karani anayeandika haya, na hajasinzia tena.

Alfajiri, saa ambayo Hekaluni alitolewa sadaka mwana-kondoo wa asubuhi, Akubu alipita akigonga milango yetu. Alasiri, saa ya mwana-kondoo wa pili, aligonga tena. Kondoo hawakuwapo na madhabahu haikuwapo, lakini sala hatukuichelewa.

Mwezi uliopita alitangaza kustaafu, maana Torati inamtaka Mlawi aache utumishi akifikisha miaka hamsini. Tulimbembeleza sana. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamwambia mbele za watu, "Akubu, ndugu yangu, sheria hiyo ni ya Hekalu. Hapa si Hekalu."

Akaniangalia. "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nalinda mlango wa nini, karani? Wa banda la kuku?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo mlango wangu haugongi. Ninajuta. Nilitaka abaki, nikajikuta nimemwambia kwamba kazi ya maisha yake ilikuwa maigizo.

Wazee wamelijadili jambo hili siku tatu. Hoja za kumbakiza zilikuwa nyingi na nzuri, ila kila moja ilianzia kwenye maneno yangu yale yale. Mwishowe mzee Elasa alisema, "Tukimzuia, tutakuwa tumemwambia alikuwa bawabu wa chumba cha kusomea tu. Mwacheni."

Akubu, tunakushukuru kwa kila alfajiri. Tunakuaga kwa shingo upande, kwa sababu nguvu unazo bado na hatuna wa kushika nafasi yako. Naomba unisamehe. Ili kukubakiza tulihitaji kusema neno moja tu, kwamba hapa si Hekalu, na wazee wamekataa kulisema. Wameamua kwamba sheria ya Walawi inakuhusu. Nenda kapumzike na jamaa yako, ndugu yetu. Zamu yako ya Hekaluni imekwisha.