Kitufe Kilichohama

Ndani ya jipni, daladala ya Manila, Perlita muuza samaki alitega sikio. Wajaribu programu wawili walikuwa wamechachamaa. Walibishania skripti, maagizo ya kuifanya kompyuta ijaribu programu yenyewe; ni mdudu gani huyo, yeye hakujua.

"Mimi narekodi tu mibofyo yangu, dada," Isagani alijigamba. "Nilipobofya, mashine inabofya palepale. Nyie mnaoziandika kwa mkono mnajitesa bure."

"Septemba, Krismasi yetu ilipoanza, walitundika picha ya taa juu ya ukurasa wa duka, kitufe cha kununua kikashuka," Milagring akamrukia. "Skripti zako mia tatu zikabofya taa! Mimi nakitafuta kwa jina lake. Kihamie hata kuzimu, nitakipata."

"Mazoea hayajawahi kunitupa!"

Isagani akahesabu kona ya nne, kama kila siku, akagonga paa dereva asimame, akashuka, macho kwenye simu. Perlita akampigia kelele kwamba leo barabara imefungwa, jipni imezungushwa njia nyingine. Hakusikia. Alishaingia lango la makaburi.