Eunike Wakesho na Jumatano Zake, 1948–1999

Eunike Wakesho, ambaye wengi mliofika leo mlimjua kama Mama Loice wa Maungu, alizaliwa hapa hapa Sagalla alfajiri ya tarehe 14 Juni 1948, ndiyo maana akapewa jina la Wakesho. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwadime na Mama Mghoi, ambaye tunaye hapa mbele. Mama Mghoi anasema mtoto huyu alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo kumketisha ilikuwa kazi ya watu wawili.

Alisoma katika shule ya misheni ya hapa nyumbani kuanzia mwaka 1956 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1962. Hesabu aliziweza sana. Baba yake alitamani awe mwalimu, lakini nafasi ya kuendelea haikupatikana, na yeye mwenyewe hakulia sana. Alisema shuleni watu wanakaa mno.

Mwaka 1968 aliteremka Voi akaajiriwa kuwapikia wafanyakazi wa reli. Hapo ndipo alipomfahamu Timotheo Mwakesi, fundi wa njia ya reli, mtu pekee katika kundi lile aliyerudisha sahani akiwa ameiosha. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972. Wanaokumbuka siku hiyo wanasema bibi arusi alitafutwa kwa ajili ya picha akakutwa jikoni, shela limefungwa kiunoni, akionja wali. Mungu aliwajalia watoto wawili, Alvin mwaka 1975 na Loice mwaka 1982.

Hoteli yake ya Maungu aliifungua mwaka 1976, kando ya barabara kuu, mahali malori yanapopoa injini. Chai yake ilikuwa nzito, chapati zake zilijaza sahani, na dereva aliyepita Maungu bila kusimama kwake alikuwa mgonjwa au mgeni. Hoteli ile haikuwa na mlango. Fundi aliyeijenga aliacha nafasi ya mlango, Wakesho akamwambia atumie zile mbao kutengeneza benchi. "Mlango wa nini?" alimwuliza. "Mimi sifungi." Na kwa miaka kumi na mitano hakufunga. Alilala kwa vipande nyuma ya jiko, akaamka kila breki zilipolia. Mchapa kazi huyo! Lakini ukweli usemwe, maana wafu nao wana haki ya kusemwa ukweli: nyumba yake ilipata tabu. Loice alipokuwa darasa la kwanza, mwalimu aliwaambia watoto wachore mama zao. Loice alichora mgongo.

Tarehe 9 Agosti 1991, saa nne asubuhi, Wakesho alianguka mbele ya jiko, upawa ukiwa mkononi. Badawy, dereva wa Mombasa ambaye watu wa Maungu wanamwita mkwe kwa utani, alikiacha chakula chake mezani, akambeba kwenye lori lake, pamoja na Loice, hadi hospitali ya Voi. Ilikuwa presha, na ilikuwa juu vibaya. Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama, vidonge nitakupa. Lakini usipopata siku moja kwa wiki ya kupumzika, huyu msichana wako utamwacha mdogo."

"Daktari, hoteli yangu haina mlango."

"Basi weka."

Alitoka na vidonge, akarudi jikoni. Ni Timotheo aliyemwita Mwanzia, fundi seremala wa Maungu, akamwagiza mlango wa mabawa mawili. Wakesho alinuna wiki nzima. Alisema wateja watahama, na kwamba mtu aliyezoea kusimama akiketi ataugua zaidi. Mwishowe walipatana iwe Jumatano, siku ya ofu ya Timotheo.

Jumatano ya kwanza ilikuwa tarehe 23 Oktoba 1991, na Maungu hawajaisahau. Kwetu hoteli haifungwi mchana ila kuna msiba. Kufika saa tatu, kina mama walikuwa wameuona mlango mpya umefungwa, wakakumbuka alivyoanguka, wakahitimisha. Hakuna aliyebisha hodi. Mtu haulizi jambo kama hilo. Walileta sukari, majani ya chai na kuni. Wanaume walileta mabenchi. Malori yaliegeshwa, madereva wakavua kofia. Badawy, aliyekuwa akitoka Mombasa, alishusha mfuko wa mchele huku machozi yakimtoka. Timotheo alikuwa amempeleka Loice shule, hakuwepo wa kuwaambia lolote.

Wakesho alikuwa amelala ndani, nyuma ya jiko. Alilala usingizi wa mchana ambao hakuwa ameuonja tangu utotoni, na aliamshwa na wimbo wa maombolezo. Alitoka na leso yake kifuani. Mama mmoja alipiga nduru.

"Nani amekufa?" aliuliza Wakesho.

Mwanzia ndiye aliyejipa moyo. "Ni wewe, Mama Loice. Tuliona mlango imefungwa."

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha, kwa mazoea, alielekea jikoni awapikie wageni, lakini Timotheo alikuwa amerudi, akasimama njiani. "Hawa wamekuja na kuni zao. Keti." Akaketi. Walimpikia matanga yake mwenyewe, akala sahani nzima kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa Maungu. Akiwa bado anatafuna, alimgeukia Badawy.

"Mlikuwa mnanisifu vipi?"

"Twasema ulikuwa mchapa kazi, mama. Hakuna mfano wako."

"Na lingine?"

Badawy alimtazama Mwanzia, Mwanzia akayatazama maji ya kunawa. Hapakuwa na lingine. Wakesho aliweka kijiko chini. Alimwambia mumewe baadaye kwamba kuanguka hakukumtisha kama kimya kile.

Tangu siku hiyo Jumatano ilikuwa Jumatano. Wateja wengine walihama kweli, na hoteli ya jirani ikanenepa kila katikati ya wiki, naye alijua, akaacha iwe. Mwaka 1993 alimwajiri Katuku, akamfundisha kukanda unga, jambo aliloapa hakuna mwingine angeliweza. Akiwa amejinyoosha mkekani Jumatano moja, wazo likamjia la kufungua hoteli ya pili Miasenyi, nayo ikafunguliwa mwaka 1995 ikiwa na mlango. Kwa wafanyabiashara wenzake waliomwuliza siri alijibu kwamba sufuria isiyoepuliwa huunguza hata maji. Walicheka, na wawili watatu wakaanza kufunga Jumapili.

Daktari alikuwa amehofia mwaka mmoja. Mungu alimpa zaidi ya saba. Presha ilirudi mwezi Januari mwaka huu, akalazwa Voi mara mbili, na Jumamosi tarehe 6 Machi 1999, saa tisa alasiri, alituaga akiwa na umri wa miaka hamsini, mumewe na watoto wake wakiwa kando ya kitanda. Familia inawashukuru wauguzi wote waliomhudumia.

Ameacha mume, Timotheo Mwakesi; watoto, Alvin na Loice; mama yake, Mama Mghoi; ndugu watano; Katuku, aliyemwita mwanangu; na watu wa barabara kuu wasiohesabika.

Tulipokaa kuandika wasifu huu tulimwomba Loice, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, atueleze mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Alianza baada ya chai ya asubuhi. Alisema mama alisuka vikapu vibaya na kuvigawa kwa fahari. Kwamba alicheza karata kwa wizi. Kwamba aliogopa vinyonga. Kwamba alimsuka nywele akimsimulia ndoto zake, na siku Loice alipofeli mtihani alilia naye kisha wakaenda kununua miwa. Jua lilifika magharibi akiwa bado anasema, na hakuwa amefika hata kwenye chapati.

Bwana aliyempa siku za kuketi na watoto wake, sasa amkaribishe aketi naye, kwa amani, bila haraka yoyote. Amina.