Helmi Agoma Kuhama kwa Ajili ya Hoki

Alhamisi, saa moja na nusu jioni, ukumbi mdogo wa michezo ya kuigiza wa Kivela, kaskazini mwa Minnesota, ulizima taa kabla mchezo haujaanza. Waigizaji walikuwa sita. Watazamaji walikuwa wanne, wote wageni wa moteli waliokwama kwa theluji. Kanuni ya ukumbi ule, tangu ulipofunguliwa ndani ya kituo cha zamani cha zimamoto, ni kwamba watazamaji wakiwa wachache kuliko waigizaji, kila mtu anarudi alikotoka. Wale wanne walirudi moteli.

Ijumaa mchana tulikuwa kwenye benchi. Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la mikate la Milka Zgonc. Upande wa pili wa ukuta kuna tanuri, kwa hiyo hata mwezi wa Machi, theluji ikiwa imefika magotini, mgongo wako unapata joto. Hapo ndipo tunapokula chakula cha mchana, kila mtu na pai yake ya nyama na mizizi ya tanipu mkononi, birika la kahawa la Milka katikati. Aliyekaa pembeni kabisa ni Arvo Lahti, tunamwita Kocha, ingawa hajawahi kufundisha timu yoyote. Anayefuata ni Stanko Perko, Baruti, aliyelipua miamba mgodini hadi akastaafu. Kisha Dolores Niemi, Tanzia, kwa sababu hutusomea matangazo ya vifo kabla hajauma pai. Mwisho mimi, niliyekuwa nikiandikia gazeti la mji hadi lilipofungwa. Helmi Rautio alikuwa amesimama. Helmi ndiye aliyeanzisha ukumbi, ndiye aliyeandika mchezo, naye ni mmoja wa wale waigizaji sita. Aliendesha basi la shule kwa miaka mingi na bado huwatazama watu kama anawaona kwenye kioo cha dereva.

Kamati ya mji ilikuwa imeshamwambia: mchezo usipoonyeshwa hadi Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi arudishe funguo. Mlango uliopitisha magari ya zimamoto ungepitisha mashine ya kulainisha barafu ya uwanja wa hoki, na ukumbi ungekuwa stoo yake.

Baruti: Pai hii haina tanipu.

Milka (dirishani): Inayo. Tafuna.

Baruti: Bila tanipu si pai. Ni mkate uliomeza nyama.

Kocha: Acha tanipu zako, mzee. Tuongee la maana. Nani alipiga mluzi?

Helmi: Mluzi gani?

Kocha: Si nyie wenyewe mnasema mtu akipiga mluzi jukwaani mchezo unaingia nuksi? Mtafute aliyepiga.

Baruti: Hata mgodini ilikuwa mwiko. Jamaa mmoja alipiga mluzi chini kule, tukamtoa. Na alikuwa shemeji yangu.

Helmi: Aliyepiga ni bomba la joto. Linapiga mluzi tangu Novemba.

Kocha: Unaona sasa!

Tanzia: Bomba halihusiki. Mimi nawaambieni hesabu ilivyo. Mama Heikkinen, kiti cha mbele, kafa Desemba. Mzee Bajt, yule aliyekuwa anacheka kabla ya kichekesho, kafa Januari. Mapacha wa Salo, mmoja kafa na mwingine anasema hawezi kwenda peke yake. Watazamaji wako hawajasusa, dada. Wamezikwa.

Helmi: Wewe mbona hujazikwa? Jana ulikuwa wapi?

Tanzia: Mguu.

Helmi: Mguu umefanyaje?

Tanzia: Ulikuwa umechoka.

Tanzia akaifunika pua yake kwa kikombe. Kocha akaona ni zamu yake kumwokoa.

Kocha: Jamani, ni lile tangazo. Mmelichapa kwa karatasi ya njano. Njano ni ya nani? Ya mahasimu wetu wa Kalvola! Mtu wa Kivela anapita anaona njano ukutani, damu inamchemka, anaenda zake. Hasomi hata neno moja.

Baruti: Hapo umesema.

Kocha: Mimi mwenyewe nililiona pale posta nikataka kulichana.

Helmi: Ulilichana?

Kocha: Nilitaka, nimesema.

Baruti: Lakini chanzo hasa si njano. Chanzo ni mgodi. Sikilizeni, hii kazi nimeifanya. Kila siku saa tano mchana wanalipua. Mtikisiko unapita kwenye mwamba, unapanda kwenye msingi wa nyumba, unaingia kwenye kitanda, unafika kwenye sikio. Miaka sitini! Masikio ya mji mzima yamelegea. Mtu wa Kivela hawezi tena kusikia maneno marefu. Anasikia king'ora, anasikia filimbi, basi. Ndiyo maana watu wetu wanapenda hoki.

Tulikuwa tumekula pai nusu nzima bila mtu yeyote kulitamka neno lile. Kila mtu pale benchini alijua kwamba Alhamisi jioni timu ya shule ya Kivela ilicheza robo fainali ya jimbo, na kwamba ilishinda. Kila mtu alijua nusu fainali ni Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.

Helmi: Haya. Limetoka.

Baruti: Nimeteleza, dada.

Helmi: Hujateleza. Sema tu. Nimeuweka mchezo kwenye wiki ya hoki, mnadhani nimesahau? Nimezaliwa hapa. Nimewabeba hao watoto wa hoki kwenye basi langu, na baba zao.

Kocha: Sasa kama unajua, kwa nini? Timu haijafika nusu fainali tangu mimi nina nywele!

Helmi: Msimu uliopita tuliupanga Novemba. Mkasema Novemba ni msimu wa kuwinda paa, wanaume wote wako porini na bunduki. Tukahamia Januari. Mkasema Januari watu wanavua samaki kwenye barafu. Tukahamia Machi, mkasema hoki. Tukahamia Mei, mkasema ziwa limefunguka, mashua zinaingia majini. Mchezo ukafa bila kuonyeshwa hata siku moja. Hakuna aliyeuua. Ulihamahama tu mpaka ukafa.

Tanzia: Na hilo halikutangazwa popote.

Helmi: Mwaka huu sihami. Waihamishe hoki.

Kocha alicheka peke yake, akaacha.

Kocha: Jumapili, Helmi. Jumapili hakuna mechi. Kawaambie kamati wakupe hadi Jumapili.

Helmi: Sihami.

Baruti: Basi usihame. Ila kuna njia. Dukani kwa marehemu Salo kuna yale masanamu ya kuvalisha nguo. Tunayakalisha viti vya nyuma, tunayavika kofia. Kwenye giza nani atajua?

Helmi: Mimi nitajua.

Kocha: Punguza waigizaji! Wawili wafe mwanzoni kabisa. Pazia linafunguka, wameshakufa. Wanabaki wanne. Kamati watasema nini?

Tanzia: Au mmoja afe nje ya jukwaa, isomwe tanzia yake. Mimi naisoma bure.

Baruti: Na wale waliokufa wahesabiwe watazamaji, maana wana kazi gani tena? Wakashuke wakae!

Kocha: Wanne jukwaani, wawili vitini. Masanamu manne. Tayari umati!

Helmi: Mmemaliza?

Baruti: Kuna mbwa wangu pia.

Helmi: Ile kanuni niliiweka mimi. Niliiweka kwa sababu niliona aibu kuwafanya watu wawili wapige makofi kwa niaba ya mji mzima. Sitaibadilisha leo kwa kuwa kamati inataka mahali pa kuegesha mashine. Sipunguzi mtu. Sivalishi masanamu. Saa moja na nusu mlango utakuwa wazi. Wakija sita, tunacheza. Wasipokuja, kesho saa tatu nawapelekea funguo kamati, na nitawapelekea mimi mwenyewe, kwa miguu, katikati ya barabara, ili wote mnione.

Kocha alimimina kahawa kwenye kikombe cha Helmi, kikiwa bado kimejaa, ikamwagika thelujini.

Wakati huo alitoka dukani mwanamke ambaye benchi lilikuwa halijamzoea. Aliitwa Soledad Ibarra. Alikuwa amekuja kutoka Texas majuma machache kabla kufanya kazi ya maabara kwenye zahanati, naye ndiye aliyemtoa Tanzia damu juzi yake. Alikuwa ameshika pai kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika njiwa.

Soledad: Samahani, naweza kukaa?

Tanzia: Kaa, mwanangu. Sogea, Baruti. Huyu anajua kutafuta mshipa.

Soledad: Nimewasikia nikiwa ndani. Mnaupigania ukumbi?

Kocha: Kufa na kupona.

Baruti: Kamati hawauchukui, tuko hapa.

Soledad: Safi. Mimi napenda michezo ya kuigiza. Huu wenyewe unahusu nini?

Kocha alifungua mdomo. Akamtazama Baruti. Baruti akaitazama pai yake, ndani, mahali alipodai tanipu haipo. Tanzia alianza kusema “unahusu” akaishia hapo. Nami sikujua. Majira yote ya baridi Helmi alikuwa akila nasi pale, kisha anaondoka kwenda mazoezini, na hakuna aliyewahi kumuuliza anakwenda kufanya mazoezi ya nini. Alikuwa amemwomba Tanzia koti lake la zamani la bluu. Alikuwa amemwomba Baruti kofia yake ya mgodini, na Kocha skafu yake ya kijani. Walimpa. Hawakuuliza ni za nini.

Soledad alimgeukia Helmi.

Helmi: Usiniangalie mimi, mwanangu. Waulize wapiganaji.

Alimaliza kahawa yake, akarudisha kikombe dirishani, akavaa glavu. Kocha aliinua birika kumimina tena. Lilikuwa tupu.

Kocha: Milka! Kahawa!

Milka: Imekwisha. Na jioni nafunga mapema, naenda kutazama mchezo.

Kocha: Wa hoki?

Milka alifunga dirisha.

Saa moja na dakika ishirini jioni mlango mkubwa wa kituo cha zamani ulikuwa wazi, na barabara kuu ilikuwa haina mtu. Kila nyumba ilikuwa na mwanga wa televisheni. Nilimkuta Baruti mlangoni, amevaa tai, anapangusa viatu kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Tanzia alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kile cha Mama Heikkinen. Soledad alikuja na Milka, ambaye bado alikuwa na unga kwenye nyusi. Nilihesabu viti vyenye watu. Tulikuwa watano.

Baruti: Kocha yuko wapi?

Tanzia: Unauliza?

Baruti: Nimfuate?

Tanzia: Umfuate ukafike uone mechi, usirudi? Kaa chini.

Saa moja na nusu ikafika. Bomba la joto lilipiga mluzi. Helmi alichungulia kwenye upenyo wa pazia, akatuhesabu kwa kidole kama watoto wa basi, akarudi nyuma. Tulisikia sauti za waigizaji wakinong'ona, kisha sauti yake peke yake: “Sihesabu bomba.” Baada ya dakika chache alitoka mbele ya pazia akiwa amevaa koti lake juu ya koti la mchezo, funguo mkononi.

Helmi: Asanteni kwa kuja. Kanuni mnaijua.

Baruti: Ngoja kidogo, dada.

Helmi: Nimengoja miaka miwili, Stanko.

Soledad alisimama.

Soledad: Mimi sijui kanuni zenu, ila siondoki mpaka nijue unahusu nini.

Tanzia: Wala mimi. Mguu umechoka.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa Kocha, bila kofia, theluji kichwani, redio ndogo imebanwa sikioni. Tangazo la njano lilikuwa limekunjwa mfukoni mwake, limechanika pembe moja. Alitembea hadi kiti cha pembeni kabisa akakaa. Redio ilikuwa ikipiga kelele za uwanja mzima.

Tanzia: Ngapi?

Kocha: Mbili mbili. Wanaingia kipindi cha mwisho.

Helmi: Arvo. Umekuja kutazama au kusikiliza?

Kocha: Nimekuja kuwa wa sita.

Helmi: Hilo sikuuliza.

Kocha aliishika redio kwa mikono yote miwili. Mtangazaji alikuwa akitaja jina la mtoto wa jirani yake. Akaizima, akaiweka sakafuni chini ya kiti, akaisukuma kwa kisigino hadi nyuma kabisa.

Kocha: Haya. Fungua hilo pazia kabla sijajuta.

Helmi alitia funguo mfukoni, akaingia nyuma ya pazia. Taa za ukumbini zikazimwa, za jukwaani zikawaka. Pazia likafunguka.

Jukwaani kulikuwa na ukuta wa matofali, benchi na birika la kahawa. Mwanamume mwenye kofia ya mgodini alikuwa amekaa na pai mkononi. Kando yake mwanamke mwenye koti la bluu alikuwa amefungua gazeti. Pembeni kabisa alikaa Helmi, skafu ya kijani shingoni, miguu ameitanua, kidole hewani.

“Pai hii haina tanipu,” alisema mwenye kofia.

Milka ndiye aliyecheka wa kwanza. Kocha aliinama mbele, viwiko juu ya magoti, akimtazama Helmi. Mchezo ulikwisha saa tatu kasorobo. Redio ilikutwa chini ya kiti Jumamosi asubuhi, Helmi alipokuja kufungua ukumbi.