Leseni Iliyoishia Katikati ya Daraja

Mheshimiwa Meya wa Komárno, Ndugu wajumbe wa Baraza la Watumiaji, wageni waalikwa, nawe Bi Ilona Szarka, unayestaafu leo na bado umekataa kukaa kiti cha mbele:

Wengi mnamfahamu Mzee Gáspár Bartal, fundi wa kuchomelea meli, aliyeko hapa nasi. Mkewe, Rozália, alipopoteza macho, televisheni ndiyo iliyomchangamsha. Kislovakia alikijua cha sokoni tu. Alitaka tamthilia za Kihungari. Kampuni ya televisheni ya huku Slovakia iliziuza peke yake, kwa bei iliyojipangia. Basi Mzee akajiunga na kampuni ya ng'ambo ya mto Danube, huko Hungaria, kwa anwani ya dada yake anayeishi huko. Miezi miwili baadaye, walipogundua anaishi upande huu, wakamkatia matangazo.

Alipoleta malalamiko ofisini kwetu, mimi, mkuu wa ofisi, nilimshauri Bi Ilona, aliyeyapokea, aachane nayo. Leseni za kurusha matangazo ni za kitaifa, nilisema. Sisi ni nani? Bi Ilona alichukua koti lake, akaenda kugonga milango, akarudi na barua mia tatu za watu wenye shida ileile.

Kampuni ya ng'ambo ikamtuma mwanasheria, kijana mpole. Akaeleza kwamba leseni yao inaishia katikati ya daraja.

Bi Ilona akamuuliza, "Mwanangu, mkate huo uliokuja nao umeununua wapi?"

"Ng'ambo, mama."

"Na mwokaji alikuuliza utaulia wapi?"

Kijana akacheka.

Ilichukua miaka mitatu mbele ya wasimamizi wa ushindani wa kibiashara. Hatimaye kampuni ya ng'ambo ilitia saini kwamba haitamkataa tena mteja kwa sababu ya upande anaoishi. Na kampuni ya huku, ilipoona wateja wanaweza kuvuka, ilishusha bei wiki hiyohiyo.

Rozália hakuwahi kuona siku hiyo. Alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia. Bi Ilona alikwenda mwenyewe kwa Mzee Bartal, akamwomba radhi kwa kuchelewa. Mzee alimkaribisha supu ya samaki, kisha akamwambia, "Niunganishie tu, Ilona. Ile tamthilia yake haijaisha, na mtu mmoja nyumbani humu lazima ajue mwisho wake."

Bi Ilona, mimi nilikuambia uache. Leo, mbele ya watu hawa wote, nakushukuru kwa kutonisikia.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea sikio.